Herufi Kubwa Juu ya Daftari

Jumapili, 8 Septemba 1957

Jambo ambalo sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio: Kifaransa changu ni kidogo. Hapa kwetu Kadutu wanadhani nasoma gazeti la Wazungu kama ninavyosoma katekisimu. Si kweli. Nasoma herufi kubwa za juu. Kwenye zile ndogo za chini nashika neno moja hapa, neno moja pale, na katikati najaza mwenyewe.

Leo baada ya misa ilikuwa kama kila Jumapili. Wanawake uani kwa Shangazi, wanachambua maharage. Mimi nafunika madaftari ya mwaka mpya. Shangazi anafua nguo kwa madame mmoja kule Botte, mtaa wa Wazungu, na kila wiki analeta magazeti ya zamani. Nayakata, nayakunja juu ya daftari, ncha nazibandika kwa ndani kwa uji wa muhogo. Wasichana wote wa shule ya Masista wanafanya hivyo. Mimi huchagua ukurasa wenye herufi nzuri.

Daftari la Historia limepata herufi kubwa kuliko yote. Maman Feza, anayeuza ndagala, samaki wadogo wakavu, sokoni, akaziona.

"Mademoiselle! Soma basi. Bazungu banasema nini leo?"

Nikasoma: Dawa mpya ya kifua, vifo hospitalini.

Mikono yote ikasimama juu ya maharage.

"Vifo? Juu ya nini, sababu gani?"

Habari iliyobaki ilikuwa imekunjwa ndani, uji umeshaanza kukauka. Ningeweza kusema sijui. Lakini wote walikuwa wananitazama mimi. Wiki nzima hakuna anayenitazama.

Nikasema: "Inakausha damu. Polepole."

Sijui nilikotoa maneno hayo.

Maman Zawadi alikuwa amekaa peke yake karibu na mlango, kwa sababu ya kikohozi. Aliangalia miguu yake.


Jumanne, 10 Septemba

Hesabu: kumi na tano juu ya ishirini. Mvua. Hakuna barua ya Papa. Baba yangu yuko Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu, ni karani, anaandika majina ya wachimbaji. Anaandika majina ya watu wote hao na kwangu haandiki.

Baada ya shule nilikwenda kwa Maman Zawadi. Nyumba yake ni ya pili kutoka kwetu. Ni mshonaji, mjane, hana mtoto. Ananiachia nikae chini ya dirisha nisome, naye anashona. Tunaweza kukaa saa nzima bila kusema neno. Sijui nyumba nyingine ambako kunyamaza si kosa.

Tangu Pasaka anatibiwa kifua kikuu. Kila Jumatatu anakwenda dispensari, anachomwa sindano, anarudi na kopo dogo la vidonge vya wiki. Alikuwa amebaki mifupa. Sasa mashavu yamerudi kidogo.

Mama yangu alikufa kwa kifua hicho hicho. Nilikuwa na miaka saba. Vidonge hivi vilikuwa havijafika.

Leo kopo lilikuwa juu ya mashine kama kawaida. Hakulifungua nikiwa pale. Labda alimeza asubuhi.


Ijumaa, 13 Septemba

Wakati wa mapumziko wasichana walikuwa wamekaa kwenye ngazi. Mmoja wa kijiji cha Nyantende anasimulia. Bibi yake alikuwa aende kupimwa kifua. Sasa hataki. Kwa sababu dawa ya dispensari inakausha damu polepole.

Nilikuwa nakula muhogo. Nikauweka chini.

Mwingine akauliza nani amesema. Akajibu: iliandikwa kwenye gazeti, kuna mtu wa Kadutu aliyeisoma.

Wala hawakujua ni mimi. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwao.


Jumapili, 15 Septemba

Misa. Maharage. Maman Feza ameongeza yake: kwanza inakausha damu, halafu nywele zinaanguka, halafu tumbo. Anaeleza kama vile alikuwepo. Halafu akanigeukia: "Si ndiyo, mademoiselle?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Najichukia.

Muzee mmoja wa njia ya tatu amerudisha kopo lake dispensari, kaliweka mlangoni na kuondoka. Wanawake walicheka walipohadithia hilo. Papa Deo, yule muuguzi, alitoka nje na koti lake jeupe akimwita barabarani: "Muzee! Muzee, rudia!" Muzee hakugeuka. Wamecheka sana. Mimi pia nilicheka, kwa sababu wote walikuwa wanacheka.

Maman Zawadi hakuja.


Alhamisi, 19 Septemba

Maman Zawadi anasema miguu haimchomi tena. Zamani alilalamika kwamba vidonge vinamchoma nyayo kama siafu. Sasa siafu wameondoka, anasema. Alisema hivyo kwa furaha.

Lakini kikohozi kimerudi. Kinaanzia chini, kinachukua muda mrefu kupanda. Mashine inasimama, anangoja, mashine inaendelea.

Nilimwuliza kama anameza vidonge vyake. Akasema vinapungua koponi, niangalie mwenyewe. Niliangalia. Vilikuwa vimebaki vya siku tatu tu, sawa na hesabu ya wiki.

Nilirudi nyumbani mwepesi. Basi anameza. Basi hakusikia, au alisikia na hakusadiki. Usiku nililala vizuri mara ya kwanza tangu tarehe nane.


Jumatatu, 23 Septemba

Ningependa siku hii isiwepo.

Nilimkuta Maman Zawadi amelala mchana. Hajawahi kulala mchana. Akaniomba nimsaidie kushona upindo wa nguo ya mteja, ananionyesha kutoka kitandani. Ilianza kuwa giza ndani, nikavuta pazia la dirisha ili nione sindano. Pazia lilikuwa zito. Upindo wa chini ulikuwa na vitu vigumu ndani, vidogo, vya mviringo, kimoja kimoja, na kati ya kimoja na kingine kuna mshono.

Nilivipapasa kama rozari. Nilijua kabla sijauliza.

Akaniambia mwenyewe. Papa Deo anafungua kopo kila Jumatatu, vikibaki atagomba, ataandika jina lake. Kutupa hawezi. Kutupa dawa ni zambi, kuna batu banakufa juu ya kukosa. Kwa hiyo kila siku anashona vya siku hiyo. Mshono mzuri sana. Hakuna mtu mwingine Bukavu ambaye angevishona vizuri hivyo.

Halafu akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Mungu akubariki, mutoto wangu. Bila weye ningeendelea kumeza ile sumu. Ni weye uliniokoa."

Nilimaliza upindo wa nguo ya mteja. Nilivunja sindano moja. Nikaaga, nikaenda.

Ninaandika hili na jalada la Historia liko mbele yangu. Herufi ni nzuri kweli. Nyeusi, zimesimama.


Jumanne, 24 Septemba

Asubuhi nililowesha kitambaa nikakibana kwenye jalada hadi uji wa muhogo ukalainika. Nilibandua taratibu. Kona moja imechanika pamoja na mistari kama minne. Iliyobaki inasomeka. Yaani, inasomeka kwa mtu anayejua Kifaransa.

Kamusi ya shule iko kwenye kabati la Sista Godelieve. Ufunguo uko shingoni mwake pamoja na msalaba. Katika miaka miwili sijawahi kunyoosha mkono darasani bila kuulizwa. Leo nimeunyoosha.

"Ndiyo, Nabintu? Unaumwa?"

Nikasema naomba kamusi. Aliuliza kwa neno gani. Nikasema mengi, Sista. Wasichana wakacheka. Akasema mbele ya wote kwamba alidhani mimi ndiye ninayejua. Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti. Hapana, Sista, sijui.

Ajabu. Baada ya kulisema halikuuma kama nilivyofikiri. Liliuma kidogo tu.

Ameniruhusu wakati wa chakula, ndani ya darasa, bila kuitoa nje. Leo nimepata nusu. Sijala.


Jumatano, 25 Septemba

Nimemaliza. Naandika hapa nilichoelewa, bila kujaza.

Wagonjwa wamekufa katika hospitali moja huko Ulaya. Hilo ni kweli, limeandikwa. Watu walilaumu dawa mpya. Wengine wakaanza kuikataa. Madaktari wakachunguza. Wale waliokufa walikuwa wamepata nafuu, wakaona wamepona, wakaacha vidonge njiani. Ugonjwa ukarudi na nguvu. Daktari anasema dawa ina matatizo yake: tumbo, usingizi, kuchoma miguuni. Mgonjwa aseme, asaidiwe. Anasema asiiache. Kuiacha katikati ndiko kulikoua.

Neno damu halimo. Nimelitafuta mara tatu. Labda lilikuwa kwenye kona iliyochanika, nilijiambia. Halafu nikajiambia niache kujidanganya.

Aliyeandika herufi kubwa na aliyeandika herufi ndogo, nadhani si mtu mmoja. Au ni mmoja, na alijua watu watanunua kwa ajili ya zile kubwa. Nina hasira naye. Gazeti lilidanganya nusu. Nusu nyingine ni mimi, naye yuko mbali, hatajua kamwe kwamba kuna pazia Kadutu.

Kesho nitakwenda. Nimeandika kesho ili nisiweze kurudi nyuma.


Alhamisi, 26 Septemba

Nilikwenda. Kulikuwa na beseni chini ya kitanda, limefunikwa kwa kipande cha kitenge. Alijaribu kulisukuma kwa mguu nisilione. Niliona. Damu.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi na nikayasoma, kwa sababu bila karatasi ningelia. Waliokufa, kwa nini walikufa, miguu. Alisikiliza macho yamefungwa. Kisha akauliza:

"Na ile ya kukausha damu? Hiyo iliandikwa wapi?"

"Haikuandikwa, Maman. Ni miye nilisema tu."

"Juu ya nini?"

Nikaikunja karatasi. Nikasema walikuwa wananitazama.

Alinyamaza. Si kunyamaza kule kwetu kwa kila siku. Halafu akasema, "Enda nyumbani, Nabintu." Ameniita jina. Siku zote huniita mutoto wangu.


Ijumaa, 27 Septemba

Mlango wake umefungwa. Mashine haisikiki. Nimepita mara nne.

Sikufanya kazi ya Historia. Daftari liko uchi.


Jumapili, 29 Septemba

Leo niliwaambia wanawake. Nilingoja hadi maharage yamekwisha kusambazwa kwenye ungo, wote wamekaa. Shangazi alifikiri naleta gazeti, akanisogezea kigoda.

Sikukaa. Nikasema sijui Kifaransa vizuri. Nikasema ninasoma herufi kubwa tu, nyingine natunga. Nikasema habari ya dawa sivyo ilivyo, nikawasomea ilivyo kwa Kiswahili, mstari kwa mstari.

Halafu Maman Feza:

"Kumbe miaka yote ulikuwa unatuletea hadisi za kichwa chako! Na ile ya mufalme wa Bubeleji kununua tembo?"

"Ile pia, Maman."

Mmoja alicheka, wawili wakacheka, Maman Feza hakucheka. "Mubeshi," akasema. Mwongo. Akatema mate pembeni. "Na sasa tusadiki ya leo juu ya nini? Juma hii inaua, juma hii haiui. Kesho utafunika daftari ingine."

Ana haki. Nilifikiri kusema ukweli kutayafuta yale mengine. Hakufuti. Nilisema uongo maneno matatu wakanisadiki wote. Nimesema ukweli ukurasa mzima na sijui kama kuna hata mmoja.

Shangazi hakunipiga. Aliondoka akaingia ndani. Jioni alisema neno moja tu: kwamba hataleta magazeti tena. Sawa.

Nilikula peke yangu jikoni.


Jumatatu, 30 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi mlango ukagongwa. Maman Zawadi. Amesimama kwa kujishika ukutani, na chini ya kwapa ana pazia, limekunjwa.

"Twende," akasema. "Sina nguvu ya kufika miye peke yangu."

Sikwenda shule. Ni mara ya kwanza. Njia ya kupanda hadi dispensari ni fupi, leo ilichukua saa nzima. Kila akikohoa tulikaa kando. Watu walitusalimia wakipita mbali.

Papa Deo aliona pazia, hakuelewa. Alipoelewa, alikaa. Akachukua wembe, akaanza kufungua upindo juu ya meza, mshono kwa mshono, na vidonge vikatoka kimoja kimoja kwenye trei ya bati. Vinalia vikianguka. Mwishoni alikuwa amechoka kugomba kabla hajaanza.

"Maman, nani alikuambia uache?"

Maman Zawadi alinitazama. Halafu akatazama ukuta.

"Gazeti," akasema.

Alikuwa ananificha. Baada ya yote, alikuwa ananificha. Ningeweza kunyamaza, ningetoka pale hakuna anayejua.

Nikasema, "Hapana, Papa Deo. Ni miye."

Nikamweleza. Nikampa ukurasa. Yeye Kifaransa anakijua. Aliusoma wote, hata pale palipochanika aliweka kidole kama anataka kuinua. Hakupiga kelele. Alisema watu tisa wameacha kuja tangu mwanzo wa mwezi na alikuwa hajui kwa nini. Kisha akavimwaga vile vidonge vya pazia kwenye ndoo, vimeshapata unyevu, akajaza kopo jipya. Akaongeza kidonge kingine kwa ajili ya miguu. Kilikuwepo kabatini muda wote. Maman Zawadi hakuwa amemwambia kuhusu miguu. Aliogopa kuonekana msumbufu.

Kuhusu damu ya kwenye beseni alimpima kifua muda mrefu. Akasema tumerudi pale pa Pasaka, labda nyuma kidogo. Akasema hawezi kuahidi.

Kwangu alisema: utakuja kumwangalia akimeza. Kila asubuhi. Si kopo, yeye.


Jumamosi, 12 Oktoba

Sijaandika kwa muda. Hakuna mengi.

Barua ya Papa imefika. Anauliza kama bado nawasomea watu gazeti. Sijajibu.

Jumapili wanawake wanachambua maharage na kuzungumza mambo yao. Hawaniiti mademoiselle. Hawanifukuzi pia. Nakaa jikoni, nasikia sauti lakini si maneno. Kati ya wale tisa wamerudi wanne, Papa Deo anasema. Muzee wa njia ya tatu hajarudi. Nilikwenda kwake na karatasi yangu. Hakufungua mlango. Nitakwenda tena Jumatano.

Sista ananiachia kamusi kila siku wakati wa chakula. Nasoma herufi ndogo. Ni polepole sana.

Daftari la Historia nimelifunika kwa karatasi ya mfuko wa sukari. Halina maandishi. Nimeandika jina langu tu na darasa.

Leo asubuhi niliamka, nikachota maji, nikaenda kwa Maman Zawadi. Dirisha halina pazia, hajapata nguvu ya kushona jingine. Nilimmiminia maji kwenye kikombe. Alimeza cha kwanza, cha pili, kile cha miguu. Alifungua mdomo nione, kama mtoto, bila kuniambia neno. Nilikaa chini ya dirisha na kitabu. Alikohoa, akangoja, kikapita. Baada ya muda mrefu akaniomba nimpitishie uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho yake asubuhi ni mabaya. Nikaupitisha. Nikampa.